Pipa la Pili Hadi la Nane

Mliniaga kwa wali wa nyama, saa ya ukutani na hotuba tatu. Katika hotuba zote tatu hakuna aliyeitaja siki. Nilisikia habari za uaminifu wangu, uvumilivu wangu na tabasamu langu, ambalo wengi wenu mlikuwa mnaliona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikarudi nyumbani, nikaitundika saa, nikaona bora niyaandike mwenyewe yale ambayo ninyi vijana wa chumba cha vipimo mtayahitaji. Vyeo nitaviruka. Nilipewa viwili na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kitu. Nitaeleza nilivyoanza, vyombo tulivyoshika, watu walionifunza, na kosa langu moja ambalo nusura liwaondolee ninyi kazi kabla hamjaipata.

Mimi mzaliwa wa Burgao. Vita vilipotutoa tuliishia Mombasa kama wenzetu wengi, na huko nikajifunza kazi ya chupa tupu. Nilinunua chupa za mafuta, za asali, za maji ya waridi, nikaziosha na kuziuza tena. Ni kazi inayomfundisha mtu mambo mawili: kugonga kioo kwa kucha na kusikiliza kama kina ufa, na kuhesabu mara mbili, kwa sababu mnunuzi naye atahesabu. Niliporudi Kismayo nikaendelea nayo hiyo hiyo sokoni, na hapo ndipo Bwana Famau aliponikuta.

Bwana Famau alikuwa Mbajuni wa Fuma, mfanyabiashara, naye karudi kutoka Mombasa. Alikuja akitaka chupa mia tatu.

"Zimetimia?" akaniuliza.

"Ziko mia mbili tisini na nne."

"Tulisema mia tatu."

"Sita zina nyufa. Nimezitoa."

"Mimi sikuuona ufa wowote."

"Ndiyo maana nimezitoa mimi."

Akaliangalia gunia, akaniangalia mimi. "Wewe wauza hivi kila siku?"

"Kila siku. Ndiyo maana bado nauzia chini."

Akaniambia kesho yake niende kiwandani kwake. Nikamuuliza kiwanda gani. "Kitakuwepo," akasema. Tulivutana juu ya masharti ya kazi karibu saa nzima, jua juu ya vichwa vyetu, na nikatoka na kiti, meza yenye droo na ufunguo wa ghala. Yeye alidhani kanishinda kwa sababu hakunipa mlango wa chumba. Chumba chenyewe, nilipokifikia, hakikuwa na mlango.

Kiwanda kilikuwa ghala la zamani la barafu ya samaki, kuta nene, harufu ya papa haijatoka. Ndani mlikuwa na mapipa kumi na mawili ya plastiki ya buluu na wanawake tisa wamekaa mikekani wakitoa kokwa za tende. Wa kwanza kunisemesha alikuwa Kupi, mama wa makamo aliyekuwa na mdomo mkali kuliko siki yoyote tuliyowahi kuitengeneza.

"Huyu ndiye mchu wa chupa?" akauliza wenzake kwa Kibajuni, mchu ndiye mtu, mimi nimesimama mbele yake. "Mwembamba hivi? Mtieni kifuniko asimwagike."

Kwa walio wageni wa kazi hii, na najua wapo wanaopewa kuosha mapipa bila kuambiwa kwa nini, nieleze kidogo. Siki ya tende ni tende, maji na kungoja. Unaziloweka, unazivuruga, unachuja, unatia katika pipa na kufunika kwa kitambaa. Baada ya siku chache maji yale yanaanza kuchacha na kutoa povu. Utamu wake unageuka ulevi. Ukilifunga pipa sasa hivi, umetengeneza pombe. Ukiliacha wazi lipate hewa, ule ulevi nao unageuka taratibu kuwa ukali, na mwishowe unapata siki, na ulevi wote umekwisha. Hakuna njia ya mkato ya kuipita ile hali ya katikati. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa, katika mji mzima wa Kismayo, penye mapipa ya ulevi palikuwa kwa Bwana Famau tu, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Nilikuwa nikiswali nao.

Hapo ndipo lilipo sharti letu, ambalo viwanda vya nchi nyingine havilijui. Maalim Shali, aliyekuwa akisomesha katika chuo cha Kurani cha jirani na ambaye mtaa mzima ulimwendea kwa maswali ya dini, alimwambia Bwana Famau tangu mwanzo: ulevi ukigeuka siki wenyewe, siki hiyo ni safi, kuleni. Ukigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani, chumvi, mkate, siki nyingine, kitu chochote kile, si safi, na hapana wa kuila. Tulilishika hilo kama tunavyolishika leo.

Aliyelihangaikia sana sharti hilo alikuwa mwalimu wangu, Bwana Kilonzo.

Bwana Kilonzo alikuwa Mkamba, Mkristo, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya kiwanda cha bia huko Kenya mpaka akastaafu. Bwana Famau alimleta kwa mkataba wa mwaka mmoja akakaa sita. Alikuja na sanduku la vyombo vya kioo lililofungwa kwa blanketi, na alipolifungua nilimwona anavigonga kwa kucha kimoja kimoja akisikiliza. Nikajua tutaelewana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kipimo cha matone mnachokitumia hadi leo. Unachota siki kiasi kwa bomba la sindano, unatia tone la dawa isiyo na rangi, kisha unadondosha maji ya magadi makali, tone baada ya tone, unatikisa, mpaka rangi ya waridi itokee na ikatae kuondoka. Matone mengi, siki kali. Matone machache, rudi kesho. Alinifundisha pia kuchemsha kiasi kidogo katika birika la kioo, kuupoza mvuke, na kutia ndani ya maji yake kile kipimo kirefu cha kuelea, kuona ulevi uliobaki. Mimi nilinusa, yeye alionja na kutema mkebeni. Tukiandika tofauti, tulirudia. Mimi nilirudia hata tulipoandika sawa.

"Mama Salma," aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita, kwa jina la binti yangu, "kule kwetu mtu akipima mara mbili tunasema ni mwangalifu. Wewe unapima mara mbili halafu unaniangalia kama nimeiba."

"Hujaiba. Nahakikisha tu."

Siku yake ya tatu tu aliliuliza swali lake. Pipa la kwanza Bwana Famau alilianzisha peke yake miezi mingi kabla yetu, kwa majaribio, nalo lilikuwa limeshakuwa siki kamili. Juu yake palikuwa na utando mnene, laini kama ngozi ya maziwa. Kilonzo aliutazama kwa mapenzi.

"Huyu ndiye mama wa siki. Chukua kipande hiki, weka kwa pipa ya pili, kingine ya tatu. Kazi itaenda mbio. Tunangoja nini?"

Nikamweleza sharti. Akasikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Kwa hivyo pombe ikiamua kuokoka yenyewe, ni sawa. Mimi nikiihubiria, hapana."

"Hapo umefahamu."

"Na ikichukua miezi mitatu?"

"Tutakaa."

Alicheka, lakini sharti hakulivunja hata siku moja, na kwa hilo namshukuru kuliko kwa vyombo vyake vyote. Mtu kuishika amri ya dini yake si ajabu. Yeye aliishika ya wengine, katika kazi aliyoijua kuliko sisi.

Kabla ya kosa langu kubwa lilikuwepo dogo, nalo mlisikie kwa ajili ya ufungaji. Siki ya lile pipa la kwanza tuliichota nusu, tukaitia chupani na kufunga vifuniko vya bati, vyekundu, vizuri, nilivyovipata sokoni kwa mapatano ambayo nilijisifia wiki nzima. Tukapeleka Burgao. Wiki chache baadaye mwenye duka wa huko alikuja mwenyewe na chupa mbili kikapuni.

"Bi Esha, hii siki ama kutu?"

Nikafungua. Kifuniko kwa ndani kililiwa, chekundu kimekuwa cheusi, na siki imepata rangi ya maji ya msumari.

"Ulisema vifuniko hivi vya nguvu," akasema.

"Nilisema rahisi."

"Ulisema vyote viwili. Mke wangu alikuwepo."

Nilimrudishia chupa zake zote kwa mpya, na tangu siku hiyo chuma hakigusi siki yetu, wala kifuniko, wala kijiko, wala sufuria. Plastiki, kioo, udongo, mti na kifuu. Anayewaambia bati lililopakwa rangi halina neno, mwambieni akae nalo miezi miwili kinywani.

Sasa nije kwenye yale mapipa.

Kundi letu la kwanza la kweli lilikuwa mapipa kumi na moja, la pili hadi la kumi na mbili. Bwana Famau alitia humo kila alichorudi nacho. Alitukusanya siku ya kuloweka, wanawake tisa, Kilonzo na mimi, akasema waziwazi: "Haya yakitoka, tunaendelea. Yakiharibika, nafunga mlango, sina ya kuanzia tena. Sitaki mchu aje aseme hakuambiwa." Watano kati ya wale wanawake hawakuwa na mtu mwingine wa kuleta unga nyumbani. Kupi alikuwa na wajukuu wanne na binti mgonjwa.

Mapipa saba, la pili hadi la nane, yalisimama ukumbini pamoja na lile la kwanza, kwa mstari. Manne, la tisa hadi la kumi na mbili, hayakuenea, tukayaweka banda la nyuma karibu na kisima. Mara mbili kwa wiki nilipita na upawa wangu wa kifuu na daftari. Nilianza pipa la kwanza, kwa kuwa ukali wake naujua, na nikipata matone yale yale ya siku zote nilijua dawa yangu haijaharibika. Kisha la pili, la tatu, mpaka la nane. Kila pipa nilichota mara mbili. Banda la nyuma nilikuwa na upawa mwingine unaoning'inia kule kule, maana sikupenda kuvuka ua na kitu kinachodondokea kanzu. Mwisho wa kazi niliziosha pawa zote mbili kwa maji ya moto, nikajiona mtu safi.

Wiki zikapita. Harufu ya ulevi ilijaa ghala mpaka tukawa tunafunga mlango wageni wakipita. Halafu asubuhi moja nilidondosha matone katika siki ya pipa la pili na waridi ikakataa kutokea. Nikarudia. Ikakataa tena mpaka nimeshadondosha mara tatu ya kawaida. Ukali umeingia, mapema kuliko tulivyotaraji. Siku tatu baadaye la tatu. Kisha la nne. Wanawake wakapiga vigelegele. Bwana Famau akaanza kuulizia chupa. Kufika la nane, yote saba yalikuwa na utando juu, mweupe, mwembamba, mzuri, na birika la kioo likasema ulevi umekwisha.

Nyuma, kwenye banda, mapipa manne yalinuka ulevi vile vile. Utando, hata wa dawa, haukuwepo.

Kilonzo alisema ni hewa. Tukayafungua zaidi. Akasema ni joto. Tukapima, joto lile lile. Siku moja akaliomba daftari langu, akakaa nalo kwenye kiti changu, akasoma kwa kidole. Kisha akainuka akasimama mwisho wa ukumbi akiyatazama mapipa, jicho moja kalifumba, kama seremala anayetazama ubao.

"Mama Salma. Ya pili iliiva kwanza. Halafu ya tatu. Halafu ya nne. Hivyo hivyo mpaka ya nane. Hewa haijui kuhesabu. Nani hapa anajua kuhesabu?"

Nilikuwa nimeushika upawa. Niliutazama. Ulikuwa unadondosha.

Sikuhitaji aniambie. Kila safari nilichovya katika pipa la kwanza, siki hai yenye utando, kisha nikaenda moja kwa moja kuchovya la pili lililokuwa ulevi. Mara mbili, kwa uhakika. Na lililobaki kifuuni nikalipeleka la tatu, na la nne. Niliyapandikiza yote saba kwa mkono wangu.

"Hukuwa unaosha kati ya pipa na pipa?" Kilonzo akauliza, taratibu.

"Hukuniambia."

"Nilidhani..." Akakaa. Kwake yeye kusuuza chombo kati ya pipa na pipa ni kama kuvaa viatu kabla ya kutoka, humwelezi mtu mzima. "Mama, unajua umefanya nini? Umefanya ile kitu nimekuwa nikiomba. Imeiva nusu ya wakati. Ni siki safi sana."

"Si safi."

Aliijua maana ya neno langu na ya neno lake. Kisha akalifunga daftari, akanirudishia mkononi. "Mimi ni mgeni. Kwangu hilo neno halitatoka. Lakini nakuona uso wako, wewe utasema."

Nilisema siku hiyo hiyo. Bwana Famau hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alikaa juu ya gunia la tende akauliza, "Tone? Kwa tone?" mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Kisha akasema twende kwa Maalim, sote watatu.

Maalim Shali alitupokea kibarazani pa chuo chake, watoto ndani wakisoma kwa sauti. Alikuwa mtu wa kupenda kula. Alishatuagizia chupa kumi za kundi hili, mkewe kashakata ndimu za achari. Nilimweleza yote, nikamwonyesha kwa mkono jinsi ninavyochota. Alisikiliza akiupapasa mkeka.

"Ulikusudia?"

"Sikukusudia, Maalim."

"Kusudi halibadilishi siki," akasema, "hubadilisha hesabu yako wewe na Mola wako tu. Hata upepo ungelitia lile tone ningekwambia vile vile." Kisha akaniinulia macho. "Lakini sikiliza vizuri nikuulize, na usijibu haraka. Wajua kwamba lile tone liliingia, au wadhani? Pengine lilikauka njiani. Pengine upawa ulikuwa mtupu. Kwa dhana mimi simmwagishi mtu mali yake, tena siku kama ya leo, na mambo ya huyu bwana nayajua. Ukiniambia wadhani, nendeni mkafunge chupa, nami nitatuma mtoto aje kuchukua zangu. Ukiniambia wajua, sina njia."

Bwana Famau aligeuka akanitazama. Angesema neno, ningemkasirikia, na ingekuwa rahisi. Alinitazama tu kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Nikawaza Kupi na wajukuu wake wanne. Nikawaza hiki kitu nilichokishika kwapani, daftari lenye kila mchoto, tarehe, saa, pipa, wa kwanza, wa pili, na pembeni, kwa mwandiko wangu mimi, *upawa umejaa*, *upawa nusu*, *umedondosha njiani, chota tena*. Pipa kwa pipa, la pili hadi la nane. Hakuna pahali palipokuwa na nafasi ya kudhani.

"Najua, Maalim," nikasema, nikamwekea daftari mbele.

Alilifunua kurasa tatu, nne. Akalifunga.

"Umeandika kila kitu mara mbili."

"Ndivyo nifanyavyo."

"Ungekuwa mvivu wa kuandika," akasema Maalim kwa huzuni ya kweli, "leo ningekula achari."

Tulikuwa tunainuka ndipo Kilonzo, aliyekuwa kimya kwa adabu muda wote, akauliza kama anaweza kusema. Akaruhusiwa.

"Yale manne ya nyuma hayakuguswa. Upawa wake ni mwingine, imeandikwa. Lakini kwa pipa, yatachukua miezi, na bwana hana miezi. Hatuweki kitu ndani. Lakini nikimimina kwa chombo kipana, kina kifupi, hewa ipate uso mkubwa. Niweke juani asubuhi na kivulini mchana. Hiyo mnakubali?"

Maalim akafikiri. Akatuuliza kama vile vyombo vitakuwa vitupu na safi. Tukasema ndiyo. "Kukihamisha hakuna neno. Jua na kivuli navyo si vya kutiwa ndani. Hilo fanyeni." Kisha akamgeukia Kilonzo: "Wewe si wa dini yetu na umeuliza swali zuri kuliko hawa wawili."

"Mimi nimezoea kuangalia chombo," Kilonzo akasema. "Yaliyo ndani mmenikataza."

Mapipa saba tulimwaga asubuhi iliyofuata. Wa kwanza kupindua pipa alikuwa Bwana Famau mwenyewe, kakunja msuli, peke yake, akatukataza kumsaidia. Mchanga wa uani ulinywa siki nzuri, nyekundu kama maji ya magome ya mkandaa, na harufu yake ilikuwa ile ile niliyoitafuta kwa miezi. Wanawake tisa walisimama ukutani. Nilisimama peke yangu upande wa pili, kwa kuwa niliona huko ndiko kwangu. Pipa la mwisho lilipokwisha, Bwana Famau alisema wayaoshe, wende nyumbani, atatuma habari. Kuhusu vyombo vipana hakusema, maana tulihitaji zaidi ya ishirini na hatukuwa hata na kimoja, wala cha kununulia.

Kupi alipita mbele yangu akitoka. Nilitaraji anitemee. Akasema tu, "Vipana kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

Kesho yake nilifika mapema kurudisha ufunguo. Nilikuwa nimeufunga katika leso na maneno ya kuagia nimeyapanga. Mlangoni nikamkuta Kilonzo kakaa juu ya sanduku lake, anacheka peke yake, na barabarani wanakuja wanawake kwa msafara, vichwani wamebeba mabeseni. Ya kufulia, ya kukandia unga, ya harusi, ya kijani, ya maua, vyungu viwili vya udongo vipana vya mtu wa kule Darakasi ambaye hata hafanyi kazi kwetu. Nilihesabu ishirini na nane. Nikahesabu tena, nikatoa manne ya bati nikayaweka kando, na wenyewe wakaniapiza kwa Kisomali na kwa Kibajuni, kwa kuwa walikuwa wameyabeba kutoka mbali.

"Abaayo, dada, hata leo?" mmoja akaniambia. "Hata leo wachagua?"

"Chuma hakigusi siki."

"Mwacheni," Kupi akasema. Lake lilikuwa beseni kubwa la buluu ambamo, kwa harufu ya sabuni, wajukuu walikuwa wameogeshwa jana yake. Akalitua mbele ya miguu yangu. Juu yake akaweka upawa wa kifuu, mpya, mti wake haujakauka. Nikaona kila beseni lina wake. Wamekaa usiku kuchonga.

"Hili beseni," Kupi akasema, "na huu upawa wake. Ukiutia katika la mwenzie, nakurudisha Burgao kwa miguu, na njia nzima nakusomea daftari lako."

Bwana Famau alikuja akatukuta tumeshamimina nusu. Kisha akavua viatu akashika upande mmoja wa pipa la kumi. Yote manne yakawa siki kabla ya mwezi kwisha, na Maalim Shali alituma mtoto achukue chupa zake kumi, akarudisha mbili zimejaa achari.

Kilonzo alikwenda zake kwao mwaka wa sita, akaniachia vyombo vyote isipokuwa blanketi. Mabeseni tuliyarudishia wenyewe moja moja, na yale mapana mnayotumia sasa yalitengenezwa kwa kipimo cha beseni la Kupi. Mtaona kila moja lina upawa wake uliofungwa kwa kamba fupi, usiofika la jirani. Wageni wanaotutembelea huuliza kwa nini kiwanda kina pawa arobaini mahali ambapo mmoja ungetosha, na nimewasikia baadhi yenu mkicheka nao. Mimi sikucheka, mlidhani ni tabia yangu. Sasa mmejua. Kamba zikichakaa, fungeni mpya, za urefu ule ule.